Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Viwanda Hupenda Kukaa Pamoja?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu namna viwanda na watu wanavyozidi kusongamana katika ukanda mmoja wa Uganda, ule unaoanzia Kampala na kuishia Jinja, huku wilaya nyingine zikibaki na mashamba na maduka ya rejareja. Tumechagua barua sita. Waandishi wake tunawataja kwa kazi na mahali wanapoishi tu.

*Shikamoo Mhariri. Mwalimu wetu wa jiografia anasema kiwanda hujengwa palipo na malighafi. Mbona Kampala hakuna chuma, hakuna pamba wala ngano, na viwanda vimejaa huko? Nani anakosea, mwalimu au wenye viwanda?*
Mwanafunzi wa kidato cha tano, Mbale

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekosea, ila somo hilo lina sehemu zaidi ya moja, na huenda mwalimu wako bado hajafika kwenye nyingine.

Anza na miwa. Tani kumi za miwa hutoa takriban tani moja tu ya sukari. Zinazobaki ni maji, makapi na molasi. Isitoshe, muwa uliokatwa ukikaa juani siku kadhaa kabla ya kusagwa hupoteza sukari yake. Kwa sababu hizo mbili viwanda vya Lugazi, Kakira na Kinyara vimezungukwa na mashamba ya miwa, kwani hakuna mfanyabiashara atakayelipia mafuta ya lori ili abebe makapi hadi mjini. Saruji nayo hufuata kanuni hiyo hiyo: mawe ya chokaa ni mazito na ni ya bei ndogo, kwa hiyo viwanda vilijengwa Tororo na Hima, palipo na mawe hayo. Mjerumani mmoja aitwaye Alfred Weber aliipanga hesabu hii ya uzito mwaka 1909, na mwalimu wako bila shaka aliisoma chuoni.

Sasa geuza hesabu hiyo. Soda na bia kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yanapatikana karibu kila mahali. Kiini cha soda au kimea cha bia husafirishwa kikiwa kidogo, kisha maji huongezwa karibu na mnywaji, kwa kuwa kusafirisha chupa zilizojaa ni gharama na chupa huvunjika. Kiwanda cha bia kilichoanzishwa Port Bell mwaka 1946 kina ziwa mlangoni na wanywaji mlimani, na mkate nao hauna budi kuokwa karibu na mlaji.

Kuna kundi la tatu, ambalo kwetu Uganda ndilo kubwa na ndilo linalojibu swali lako hasa. Viwanda vingi vya Kampala hutumia malighafi inayotoka ng'ambo: chembechembe za plastiki, roli za bati, ngano, mafuta ghafi ya mawese, karatasi. Mzigo huo hushushwa Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kabla haujafika kwetu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya Uganda ililazimika kuvuka ziwa kwa meli, na treni haikuingia Kampala moja kwa moja hadi mwaka 1931. Tangu hapo mji huo ukawa mahali ambapo mzigo mkubwa unaoingia hufunguliwa, hugawanywa na kupelekwa Masaka, Gulu, Kigali au mashariki ya Kongo. Kwa kiwanda cha aina hii, chanzo cha malighafi ni pale kontena linapofunguliwa.

Ukitaka ushahidi, itazame ramani. Kontena huingia kwa Malaba au Busia, likapita Iganga na Jinja, na viwanda vingi vya Kampala viko upande huo wa mashariki unaolipokea: Nakawa, Namanve, Mukono, Mbalala. Upande wa barabara ya Masaka una viwanda pia, lakini si kwa wingi huo.

Mwisho, wahesabu watu. Sensa ya mwaka 2024 iliikuta Kampala yenyewe ikiwa na takriban watu milioni 1.8, na Wakiso inayoizunguka ikiwa na milioni 3.4, katika nchi yenye watu wapatao milioni 45.9. Mwaka 2014 Wakiso ilikuwa na milioni 2 hivi. Mtengenezaji wa sabuni aliyeko Kyambogo ana wanunuzi zaidi ya milioni 5 kabla lori lake halijatafuta barabara ya mkoani. Viwanda huvuta watu wanaotafuta kazi, watu hao huwa soko linalovuta viwanda vingine, na mzunguko huo ukishaanza ni vigumu kuusimamisha. Ukiulizwa swali hili kwenye mtihani, usitaje malighafi peke yake. Mtahini atakupa nusu ya alama, na atakuwa na haki.

*Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Katwe. Natengeneza mashine za kusaga na kukoboa mahindi. Kodi ya pango inapanda kila mwaka na nafasi ni ndogo, mashine mbili zikiwa tayari hatuna pa kupita. Mjomba ana kiwanja Luuka, umeme umefika, anasema nihamie bure. Mke wangu anasema tukihama tutalala njaa. Naomba ushauri.*
Fundi, Katwe, Kampala

Ndugu yangu, mkeo amekaribia ukweli kuliko mjomba, ingawa mjomba hana nia mbaya. Kabla hujafunga karakana, tuitazame mashine yako moja ya kusaga tangu bamba la chuma linapokatwa hadi mteja anapoondoka nayo.

Bamba na vyuma vya pembe unanunua kwa muuzaji wa mtaa wa pili, naye akikuzoea hukukatia nusu bamba na kungoja malipo hadi mteja alipe. Shafti huwezi kuikereza mwenyewe, kwa sababu mashine ya kukereza ni ghali. Humpelekea mkereza vyuma ambaye siku nzima haachi kukerezea mafundi kama wewe, na kwa ajili hiyo mashine yake hailali. Puli inamiminwa na kijana anayeyeyusha alumini chakavu. Beringi zinatoka kwa wauza vipuri wa soko la Kiseka, na ukikosea saizi unarudi kubadilisha kabla ya chakula cha mchana. Mota iliyoungua inasukwa upya nyaya zake na fundi mwingine. Chekeche linatobolewa kwingine, rangi inapulizwa kwingine. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye mwajiriwa wako, ilhali wote wanakufanyia kazi. Ukiwa Luuka, kila kimoja kati ya hivyo kitakuwa safari ya basi, na safari hiyo haimo katika hesabu ya mjomba anapokwambia kwamba kiwanja ni cha bure.

Halafu kuna mteja. Mwenye kinu anayetoka Masindi na fedha zake mfukoni haji kukutafuta wewe kwa jina. Anakuja Katwe, kwa sababu anajua atakuta karakana nyingi, atalinganisha unene wa bamba, atabishana bei, na akikosa kwako atapata kwa jirani. Najua washindani wanaudhi, hasa yule anayekuita mteja wako akiwa bado mlangoni kwako, lakini ndio waliomleta mteja huyo mjini.

Mwanauchumi wa Kiingereza, Alfred Marshall, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1890 akiwa na miji ya Uingereza mbele ya macho, Sheffield ikiwamo na mafundi wake wa visu. Alitaja faida tatu: mafundi wenye ujuzi hupatikana kwa urahisi, wauzaji wa vifaa husogea karibu, na maarifa huenea bila kufundishwa rasmi, kwa sababu kila mtu anaona anachofanya mwenzake. Hiyo ya tatu utaiona Katwe kila siku. Fundi mmoja akibuni njia ya kuzuia unga usimwagike kwenye mdomo wa mashine, mwezi hauishi kabla mtaa mzima haujaiga. Aliyebuni hununa, na siku nyingine huwa ni zamu yake kuiga.

Mitaa mingine ya Kampala inaishi hivyo hivyo. Barabara ya Nasser imejaa wachapishaji, na kazi moja ya kuchapa kadi za harusi hupita kwa mbunifu mwenye kompyuta, kwa mtengeneza sahani za kuchapia, kwa mwenye mtambo, kwa mkata karatasi na kwa mpiga nembo ya dhahabu, bila kazi yenyewe kutoka nje ya mtaa. (Maarifa hayo huenea kila upande, hata usiotakiwa, sifa ya mtaa huo katika kughushi vyeti inajulikana nchi nzima.) Ndeeba ina mbao. Kisenyi ina vinu vya mahindi vilivyobanana, vinavyouza unga kwa shule na maduka na pumba kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo, na chekeche likipasuka kazini fundi yuko Katwe, hatua chache tu kutoka hapo.

Mitaa hiyo pia haikuota bila sababu. Wakati wa ukoloni Katwe na Kisenyi zilikuwa ndani ya Kibuga cha Mengo, chini ya serikali ya Buganda, nje ya mpaka wa manispaa ya Kampala na masharti yake magumu ya ujenzi. Fundi asiyeweza kujenga kwa matofali na kulipia leseni ya mji alipata nafasi ya kibanda hapo, umbali wa kutembea kutoka kwa wateja wa mjini, na waliofuata wakamfuata yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwa mwezi mmoja andika kwenye daftari kila kitu ulichopata bila kupanda bodaboda: kifaa, huduma, mkopo wa siku tatu, mteja aliyeelekezwa kwako na jirani. Ukimaliza, kadiria gharama ya kuvipata vyote kutoka Luuka, kisha ulinganishe na kodi ya pango. Nadhani kodi itaonekana ndogo. Lakini tatizo lako la nafasi ni la kweli, na hapo ndipo kiwanja cha mjomba kinaweza kufaa. Kazi ya kutengeneza mashine mpya ibaki Katwe. Kazi ya kurekebisha zilizokwisha kuuzwa huhitaji kuwa karibu na vinu vyenyewe, na Busoga, eneo zilipo Luuka na Iganga, ina vinu vingi. Kama una ndugu au mwanagenzi unayemwamini, mfungulie kibanda cha matengenezo, ikiwezekana Iganga mjini kuliko Luuka, kwa sababu Iganga iko kwenye barabara kuu na vipuri hufika siku hiyo hiyo. Atakuletea na oda mpya.

*Mhariri, nilifanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Jinja hadi nikastaafu. Zamani king'ora cha asubuhi kilipolia, barabara ya Walukuba ilijaa watu kama mto. Bwawa liko hapa, umeme unatoka hapa. Viwanda vilitukimbia kwa nini, na vitarudi?*
Mzee wa Walukuba, Jinja

Shikamoo mzee wetu. Swali lako lina uchungu ndani yake, na tutajaribu kulijibu bila kuficha kitu.

Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi Aprili 1954, waliolipanga waliamini kwamba umeme ungeifanya Jinja kuwa mji mkuu wa viwanda wa Afrika Mashariki. Kwa miaka kadhaa ilionekana hivyo. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, tulichokizoea kwa jina la Nytil, kilianza kusokota na kufuma; shaba ya Kilembe ililetwa kwa treni kutoka Kasese, reli ilikofika mwaka 1956, ikayeyushwa Jinja; kukawa na chuma na sigara; nyumba za Walukuba zikajengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Shirika la Maendeleo la Uganda, lililoundwa mwaka 1952, lilikuwa na mkono katika mengi ya hayo.

Walichokisahau ni kwamba umeme husafiri kwa waya, tena kwa gharama ndogo kuliko mzigo wowote. Kiwanda kilichohitaji umeme wa Owen Falls hakikulazimika kukaa Owen Falls. Nguzo zilifika Kampala na Tororo, na mwaka 1958 umeme wa Jinja ulianza kuuzwa Kenya, ukawasha taa na mitambo ya Nairobi. Jinja ilibaki na bwawa. Wanunuzi, benki, ofisi za serikali na waagizaji wa bidhaa walibaki Kampala, umbali wa kilomita 80 tu.

Kisha ukaja mwezi Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Hapo Jinja iliumia kuliko mji mwingine wowote, kwa sababu waliofukuzwa walikuwa wenye viwanda, mameneja, wahasibu, mafundi wakuu na wauza vipuri kwa wakati mmoja. Majengo yalibaki na mashine zilibaki, lakini yule aliyejua ni nani wa Bombay au Manchester anayeuza kipuri fulani kwa mkopo hakuwapo tena. Viwanda vya Jinja vilikuwa vikubwa na vichache, kila kimoja kikitegemea meneja wake na wauzaji wake wa mbali, tofauti na Katwe ambako fundi mmoja akiondoka kazi yake huchukuliwa na kumi waliobaki. Shaba nayo ilikoma Kilembe mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tanuru la kuyeyushia halikuwa na la kuyeyusha.

Vitarudi? Vingine vimekwisha kurudi, ingawa si vile vya ujana wako. Upande wa pili wa Naili, Njeru ina bia na chuma. Kakira imefufuka tangu familia ya Madhvani, wenye kiwanda hicho cha sukari, iliporudi. Daraja jipya lililofunguliwa mwezi Oktoba 2018 limeondoa hofu ya malori mazito kupita juu ya bwawa la zamani. Jinja ina reli, ina maji, ina maghala imara, na kodi zake za pango ni nafuu kuliko za Nakawa. Mimi binafsi ningeacha kulitegemea bwawa kama kivutio. Kampala inapozidi kujaa, mji ulio njiani kutoka Mombasa una nafasi ya kupokea kinachofurika, na ningependa viongozi wa jiji la Jinja waseme hivyo kwa wawekezaji badala ya kuwaonyesha bwawa.

*Kwa nini viwanda vya maziwa viko Mbarara wakati wanywaji wako Kampala?*
Msomaji, Masaka

Kwa sababu ya ng'ombe na joto. Maziwa mabichi huharibika kwa saa chache yasipopozwa, na ng'ombe wengi wa maziwa wako katika wilaya za Ankole. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya maziwa hayo hugeuzwa kuwa ya pakiti yanayodumu miezi, au unga, ili yauzwe hata nje ya nchi. Na unga wa maziwa ni maziwa yaliyoondolewa maji, yaani mzigo umepungua kabla haujapakiwa. Rudi kwenye jibu la mwanafunzi wa Mbale, utaona kwamba ni habari ya miwa ile ile.

*Ndugu Mhariri, nina vyumba sita vya kupangisha Kireka, chini kabisa bondeni. Tangu wajaze kifusi kwenye kinamasi cha Kinawataka na kujenga maghala, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi kitandani. Wapangaji wawili wamehama. Viwanda vinatuletea kazi, sawa, lakini hasara hii nimlilie nani?*
Mama mwenye nyumba, Kireka

Pole sana, mama. Hasara yako ndiyo upande wa pili wa yale tuliyoyasifu kwa fundi wa Katwe. Faida ya kukaa pamoja humwingia kila mwenye kiwanda mfukoni mwake. Gharama ya kukaa pamoja humwangukia mtu aliye chini ya mteremko, naye hayumo katika hesabu ya yeyote.

Kampala ni mji wa vilima, na kati ya vilima hivyo kuna mabonde yenye mafunjo. Vilima vilijengwa mapema, kwa hiyo mwenye kutaka ekari tano za tambarare zilizo karibu na reli na barabara ya Jinja alibakiwa na bonde. Ardhi ya kinamasi ilikuwa rahisi kwa sababu haina mwenyewe aliyekaa juu yake wa kufidiwa, tofauti na ardhi ya mailo, yaani ya wamiliki binafsi, iliyojaa wenye vibanja, yaani watu wanaokaa na kulima juu yake. Akamwaga kifusi, akainua kiwanja chake mita moja au mbili, na maji yaliyokuwa yakipumzika hapo yakatafuta pa kwenda. Yamekuja kwako.

Mafunjo yana kazi nyingine tusiyoiona. Mtaro wa Nakivubo hukusanya maji ya katikati ya mji, pamoja na ya gereji, machinjio na viwanda, na kuyapeleka katika ghuba ya Murchison. Kinamasi kilicho mwishoni mwa mtaro kilikuwa kikiyachuja. Kimepunguzwa mwaka hadi mwaka na wakulima wa magimbi na wenye maghala, na mji huo huo huvuta maji yake ya kunywa Ggaba, katika ghuba hiyo hiyo, si mbali na maji hayo yanapoingilia. Maji yakizidi uchafu, dawa za kuyasafisha huzidi. Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka limelazimika kujenga mtambo mpya Katosi, mbali na ghuba hiyo, pamoja na bomba la kuyaleta maji mjini. Mradi huo ni ghali, na kiwanda kilichojaza kinamasi hakikupelekewa ankara yake.

Kuhusu wa kumlilia: Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia vinamasi kwa niaba ya wananchi wote, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaizuia serikali kuvikodisha au kuvitoa. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wako, akuandikie barua ya uthibitisho, piga picha za maji yakiwa ndani zenye tarehe, kisha uandike kwa afisa mazingira wa wilaya ya Wakiso na nakala kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Andikeni mkiwa majirani wengi. Barua ya mtu mmoja hukaa chini ya nyingine.

Lazima tukuulize jambo moja kwa heshima. Vyumba vyako viko "chini kabisa bondeni". Je, vilijengwa nje ya kinamasi, au navyo vimo? Afisa atakayekuja kupima ghala la jirani atapima na kwako, na ni afadhali uijue hati yako inasema nini kabla hajafika.

*Mhariri, sisi wa Arua tumeitwa jiji tangu 2020 lakini sioni kiwanda. Serikali iwalazimishe wenye viwanda vya Kampala wahamie huku, foleni ya Kampala itapungua na vijana wetu watapata kazi. Au mnaonaje?*
Mfanyabiashara, Arua

Ndugu mfanyabiashara, tunaielewa hasira yako, ila kulazimisha hatukubaliani nako. Aliyelazimishwa atajenga ukuta, atapachika kibao, na mitambo ataiacha Kampala. Kupewa hadhi ya jiji kulibadilisha bajeti na vyeo. Hakukusogeza Mombasa karibu. Hata eneo la viwanda la Namanve, ekari zaidi ya 2,000 zilizo mlangoni mwa Kampala, ilikaa miaka mingi na viwanja vilivyogawiwa bila kujengwa kwa kukosa barabara za ndani, maji na umeme wa kutosha. Kama ilikuwa hivyo huko, kiwanja kitupu cha Arua hakitamvuta mtu.

Kwenu tatizo la kwanza lilikuwa umeme. West Nile, kanda yenu, iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak, na kinu kinachozimika mchana kutwa hakishindani na cha Kisenyi. La pili ni njia: malori yenu hupita daraja la Karuma, na lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024 yalilazimika kuzunguka mbali, mkaona wenyewe bei zilivyopanda.

Lakini mna kitu ambacho Jinja hawana, nacho ni wateja wa Kongo na Sudan Kusini waliokwisha kuzoea kuja Arua kununua. Leo wananunua sabuni, magodoro na bati zilizopita Kampala. Bidhaa ambayo ni kubwa kwa umbo na ndogo kwa bei, kama godoro, ni hasara kuisafirisha kilomita karibu 500, kwa sababu lori zima hubeba hewa. Viwanda vya aina hiyo vingetangulia kufika kwenu, pamoja na vya kukamua simsim na kusindika muhogo na asali ya huko huko. Vingetangulia pia vidogo, vya mafundi walio tayari mjini.

Ningekuwa diwani wa Arua, ningeliacha ombi la kuletewa kiwanda kikubwa nikaenda kwanza mahali ambapo wachomeleaji, maseremala na wenye vinu wamekaa pamoja bila kupangwa na mtu, nikadai transfoma ya kutosha ipelekwe hapo hapo, mtaro uchimbwe, na barabara ya kufikia hapo iwekwe lami. Viwanja vya viwanda vingetolewa kando ya mafundi hao kwa sharti la kujengwa ndani ya muda uliowekwa, na asiyejenga anyang'anywe apewe mwingine aliye kwenye orodha.